Bei ya Kurusha Glaida, na Nani Anayepaswa Kuilipa

Kila majira ya baridi, glaida zetu zikiwa zimefungiwa bandani na mvua ya Uingereza ikiwa imeugeuza uwanja kuwa matope, kamati ya klabu yetu hukutana kupanga bei za mwaka unaofuata, na kila mwaka mjadala huishia kwenye swali lilelile: mwanachama atozwe kiasi gani kila anaporushwa angani? Mimi si mweka hazina, ni mwanachama wa kawaida, lakini nimehudhuria mikutano hiyo kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, na ningependa kuueleza kwa kirefu kwa sababu naamini kwamba klabu nyingi, yetu ikiwemo, hupanga bei hii kwa namna inayowaumiza watu wasiostahili kuumizwa. Tunauhesabu mrusho mmoja kama bidhaa ya dukani, ambayo kila mnunuzi hulipia gharama yake pamoja na fungu la kodi ya duka, mishahara na taa. Mimi nashikilia kwamba mrusho utozwe kiasi kilicho karibu kabisa na kile unachokula siku hiyo, na kwamba gharama nyingine zote zibebwe na ada ya mwaka.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, glaida ni ndege isiyo na injini, yenye mabawa marefu na membamba, ambayo huteremka polepole muda wote na hupanda tena pale tu inapoingia ndani ya hewa inayopanda: hewa iliyopashwa joto na ardhi, au upepo uliokumbana na kilima ukalazimika kuelekea juu. ASK 21, glaida ya Kijerumani ya viti viwili ambayo klabu nyingi za Ulaya huitumia kufundishia, ikiendeshwa vizuri hupoteza chini ya meta moja ya kimo kwa sekunde katika hewa tulivu. Ikiwa juu haihitaji tone la mafuta. Lakini haiwezi kujinyanyua, na kwa hiyo kila safari huanza kwa nguvu ya kuazima, ambayo lazima mtu ailipie.

Nguvu hiyo hapa kwetu hutoka zaidi kwenye winchi. Upande mmoja wa uwanja hukaa mashine yenye injini kubwa na gurudumu la kukunjia kamba. Upande wa pili, umbali wa kilometa moja au zaidi, glaida husubiri ikiwa imefungwa kwenye ncha ya kamba hiyo. Ishara ikitolewa, winchi hukunja kamba kwa kasi, glaida huacha ardhi baada ya sekunde chache, huinua pua na kupanda kama tiara mikononi mwa mtoto anayekimbia, na kwa muda usiofika dakika moja huwa imefikia kimo cha theluthi moja ya urefu wa kamba, wakati mwingine karibu nusu yake upepo ukiwa mzuri. Hapo rubani huvuta kishikio cha njano, ndoano huachia, na kamba hushuka ikiwa imeshikiliwa na parachuti ndogo ili isianguke ovyo.

Kinachoshangaza ni udogo wa nishati inayotumika. ASK 21 yenye watu wawili ndani yake ina uzito wa kilo 550 hivi, na kuinua kilo 550 hadi kimo cha meta 400 kunahitaji megajuli mbili na kidogo, yaani takriban kilowati-saa 0.6. Ukiongeza mwendo ambao glaida lazima iwe nao inapoachia kamba, bado hujafikisha kilowati-saa moja. Kwa bei ya umeme wa nyumbani hapa Uingereza, hiyo ni sehemu ndogo tu ya pauni moja, na kwa hakika zipo klabu za Ujerumani zinazotumia winchi za umeme. Hata kwa winchi ya dizeli au petroli, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto, mrusho mmoja hutumia lita moja hivi ya mafuta au pungufu. Hata hivyo klabu nyingi za hapa hutoza kati ya pauni 8 na 15 kwa mrusho wa winchi. Tofauti hiyo haiendi kwenye mfuko wa mtu yeyote, kwa maana klabu hizi haziendeshwi kwa faida. Inabidi basi tuulize inakwenda wapi.

Sehemu yake huliwa na kamba. Kamba ya chuma ni rahisi kununua lakini ni nzito, hukwaruzwa na kila jiwe inapoburutwa kurudi mwanzoni mwa uwanja, na nyuzi zake zikianza kukatika humchoma mkononi kila anayeigusa bila glavu. Kamba ya nyuzi za sintetiki, ile inayojulikana kwa jina la Dyneema, ina uzito mdogo mara kadhaa na kwa sababu hiyo huipa glaida kimo zaidi kwa winchi ileile. Ikikatika huunganishwa kwa kusokotwa kwa mkono bila mashine. Lakini bei yake ni kubwa na haipendi lami wala changarawe. Kisha kuna viunganishi vidogo vya chuma vilivyotengenezwa makusudi ili vikatike nguvu ikizidi, kila kimoja na rangi yake kulingana na aina ya glaida: cheusi hustahimili nguvu ya dekanyutoni 1,000 (sawa na uzito wa takriban kilo 1,000), chekundu 750, cheupe 500. Hivyo navyo huchoka, na hakuna klabu yenye akili inayosubiri vichakae ndipo ivibadilishe.

Sehemu kubwa zaidi huliwa na mashine yenyewe. Winchi mpya yenye magurudumu mawili ya kukunjia kamba hugharimu zaidi ya pauni laki moja. Tuchukue kwa mfano winchi ya pauni 120,000 itakayotumika kwa miaka 20: klabu inapaswa kuweka kando pauni 6,000 kila mwaka kwa ajili ya kununua nyingine. Klabu inayorusha mara 6,000 kwa mwaka itaona pauni 1 tu katika kila mrusho, na klabu inayorusha mara 1,500 itaona pauni 4, ilhali mashine ni ileile, haijali imefanya kazi mara ngapi, na huzeeka hata ikilala bandani. Ongeza kodi ya uwanja, bima, ukaguzi wa kila mwaka wa glaida, ukataji wa majani na umeme wa jengo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoongezeka mwanachama mmoja anapoamua kurushwa kwa mara ya nne siku ya Jumamosi alasiri. Uwanja utalipiwa arushwe asirushwe. Mrusho wake wa nne unaigharimu klabu mafuta, uchakavu wa kamba na uchakavu kidogo wa injini, jumla ambayo kwa makadirio yangu ni pauni 3 au 4. Tukimtoza 12, hizo 8 zilizobaki ni kodi ya uwanja tuliyoificha ndani ya bei ya kamba.

Njia ya pili, kuvutwa na ndege yenye injini, ina hesabu tofauti kabisa, na ni muhimu msomaji aione tofauti hiyo. Hapo gharama ya siku ni kubwa kweli. Ndege iliyozoeleka kwa kazi hii ni Piper Pawnee, ambayo ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kunyunyizia dawa mashambani, na ambayo injini yake ya nguvu za farasi 235 huifanya ifae kuvuta mizigo. Ili kuifikisha glaida meta 600, ndege hiyo lazima ijinyanyue yenyewe pamoja na rubani wake na mafuta yake, injini ikifanya kazi kwa nguvu karibu zote, kisha ishuke kwa uangalifu ili silinda zilizokuwa zinawaka moto zisipoe ghafla na kupasuka. Safari nzima huchukua dakika 8 hadi 10 na hula lita kadhaa za petroli ya ndege, aina yenye madini ya risasi ndani yake, ambayo bei yake hapa hupita pauni 2 kwa lita. Injini ya namna hiyo hupangiwa matengenezo makubwa baada ya saa 2,000 hivi. Ikiwa matengenezo hayo yatagharimu, tuseme, pauni 36,000, na ndege ikavuta mara sita kwa saa, basi kila glaida iliyovutwa imekula pauni 3 za injini kabla hatujazungumzia propela, matairi na ukaguzi wa kila saa 50. Ndiyo maana bei ya kuvutwa hadi meta 600 katika klabu nyingi za hapa ni pauni 35 na kuendelea, na sioni kwamba kuna anayeonewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hiyo huteketea kweli siku hiyohiyo.

Klabu kadhaa za Uingereza zimepunguza mzigo huo kwa kuhamia ndege nyepesi kama EuroFOX, yenye injini ya Rotax ya nguvu za farasi 100, ambayo hutumia petroli ya magari na hula kidogo sana ikilinganishwa na Pawnee. Pia haina kelele nyingi, jambo ambalo majirani wa uwanja hulithamini kuliko sisi. Haifurahii glaida nzito iliyojazwa maji kwenye mabawa kwa ajili ya mashindano, lakini kwa kazi ya kila siku inatosha. Sababu ya kijiografia nayo haiepukiki. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za mwinuko, kwa hiyo klabu iliyo kwenye nyanda za juu, kama ile ya Mweiga karibu na Nyeri, kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, huanza kuhesabu ikiwa tayari imepungukiwa kabla ndege ya kuvuta haijawashwa. Anga ya kule hufidia kwa hewa inayopanda kwa nguvu ambayo sisi wa Uingereza huiota tu.

Watu hupenda kuzilinganisha njia hizi mbili kwa kutazama bei ya mrusho, na hapo huchanganyikiwa. Kipimo chenye maana ni dakika. Mrusho wa winchi wa pauni 12 unaokufikisha meta 400 hukupa dakika sita au saba usipopata hewa inayopanda, ambazo ni karibu pauni 2 kwa dakika. Kuvutwa hadi meta 600 kwa pauni 40, mahali ambapo rubani amechagua kukuachia chini ya wingu zuri, hukupa dakika kumi na kitu na nafasi kubwa zaidi ya kubaki juu mchana kutwa. Anayetaka kwenda mbali katika siku nzuri ya Mei hapotezi kitu akivutwa. Lakini mwanafunzi anayehitaji kutua mara nyingi, kwa sababu kutua ndiko kunakomtia hofu, anahitaji winchi na anaihitaji kwa wingi. Kwa kawaida mtu hurushwa mara hamsini au zaidi kabla ya kuruhusiwa kuruka peke yake. Kwa pauni 12, hizo ni pauni 600 na zaidi, bila kuhesabu ada ya mwaka na malipo ya glaida kwa kila dakika.

Mahali klabu ilipo hubadilisha kila kitu pia. Portmoak, huko Scotland, winchi huiachia glaida karibu na vilima vya Bishop na Benarty, na upepo ukivuma kutoka upande unaofaa, mrusho mmoja huzaa saa kadhaa angani. Long Mynd, katika jimbo la Shropshire, klabu iliyoanzishwa mwaka 1934 bado hurusha glaida kwa kamba ya mpira siku ambazo upepo unagonga mteremko sawasawa: watu kadhaa huishika kamba hiyo iliyofungwa kwenye pua ya glaida, hutembea, hukimbia kuteremka, na glaida huchomoka juu ya vichwa vyao. Ndivyo Wajerumani walivyofanya pia kwenye mlima Wasserkuppe kuanzia mwaka 1920, wakati masharti ya mkataba wa Versailles yalipowabana wasiunde ndege za injini. Mafuta yanayotumika ni sifuri. Gharama yote ni miguu ya wenzako, na uzito wa kuipandisha tena glaida iliyotua bondeni.

Miguu hiyo ya wenzako ndiyo gharama ambayo haionekani popote kwenye karatasi ya bei. Siku ya winchi inahitaji mwendesha winchi aliyefuzu, mtu wa kufunga kamba, mtu wa kushika bawa, mtu wa kutoa ishara, dereva wa gari la kurudisha kamba, mwandishi wa daftari la safari, na mwalimu wa zamu. Wote hao wanajitolea. Klabu ikiamua kuwalipa hata kima cha chini cha mshahara, bei ya mrusho ingepanda kiasi ambacho mchezo ungebaki wa matajiri peke yao. Ujerumani, klabu nyingi humdai kila mwanachama saa maalumu za kazi kwa mwaka na humtoza asiyezitimiza, na kwa njia hiyo winchi zao hubaki na bei ya chini inayotutia haya sisi. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inakiri waziwazi kwamba kazi ni malipo. Kwetu, mwanafunzi aliyesukuma glaida tangu saa mbili asubuhi hadi jioni hulipa pauni 12 zilezile anazolipa mtu aliyefika saa saba mchana, akarushwa, akarudi nyumbani.

Lakini hoja inayonisukuma kuliko zote ni ya usalama, na hapa naomba wenzangu wa kamati wanisikilize kwa makini. Bei huingia ndani ya chumba cha rubani. Mwaka 2005 British Gliding Association, chama cha mchezo huu hapa Uingereza, ilianzisha kampeni ya kufanya urushaji wa winchi uwe salama, na mojawapo ya mafundisho yake makuu lilikuwa hili: bawa likianza kushuka glaida ingali inakimbia ardhini na ukashindwa kulinyanyua, achia kamba mara moja, kabla halijagusa nyasi, kwa maana likinaswa glaida inaweza kupinduka katika muda usiotosha hata kupiga kelele. Ajali mbaya za winchi zilipungua sana katika miaka iliyofuata. Sasa mfikirie mwanafunzi mwenye fedha za mirusho mitatu tu siku hiyo. Anapopaswa kuachia kamba, ana nusu sekunde ya kuamua. Sitaki katika nusu sekunde hiyo ajue kwamba kuachia kutamgharimu pauni 12. Mrusho ulioachwa na rubani ardhini, au uliokatika, usitozwe kabisa, wala mtu asiulizwe kwa nini aliachia kwa sauti inayofanana na lawama.

Vivyo hivyo kwa mazoezi ya kukatika kwa kamba. Kabla ya kuruka peke yake, kila mwanafunzi lazima afundishwe kukabiliana na kamba iliyokatika: ashushe pua kwanza, angoje mwendo urudi, ndipo aamue kama atatua mbele moja kwa moja au atageuka. Mwalimu huachia kamba kwa makusudi, wakati mwingine kwenye meta 60 tu, na safari nzima huisha ndani ya dakika mbili. Zipo klabu zinazotoza nusu bei kwa mirusho hiyo na zipo zinazotoza bei kamili. Nimewaona wanafunzi wakimwomba mwalimu aahirishe zoezi hilo hadi mwezi ujao, na najua walikuwa hawaogopi. Walikuwa wanahesabu. Zoezi ambalo ndilo litakalookoa maisha ya mtu lisiwe ndilo ghali kuliko yote kwa kila dakika.

Pendekezo langu kwa hiyo ni hili. Winchi itozwe pauni 4. Mirusho iliyoachwa kwa ajili ya usalama na mazoezi ya kukatika kwa kamba isitozwe. Ndege ya kuvuta ibaki kwenye gharama yake halisi, kwa kuwa anayeitumia anakula mafuta kweli. Pengo linalobaki ligawanywe katika ada ya mwaka, na walio chini ya miaka 25 walipe nusu ya ada hiyo.

Wanaonipinga wana hoja nzito na sitaki kuipuuza. Wanasema ada kubwa itawafukuza wanachama wanaoruka mara chache, wale wanaofika majira ya joto tu, na kwamba klabu ikiwapoteza hao itapoteza fedha za uhakika. Inawezekana wachache wataondoka. Lakini mfumo tulio nao una hatari kubwa zaidi ambayo tumeishaionja: msimu ukiwa wa mvua, mirusho hupungua, mirusho ikipungua, mweka hazina huona upungufu na hupandisha bei ya kila mrusho, bei ikipanda, wanaobana matumizi huruka mara chache zaidi, na mwaka unaofuata upungufu huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Klabu inayotegemea mirusho kulipia kodi ya uwanja imeiweka kodi yake mikononi mwa hali ya hewa. Ada ya mwaka haijali kama Julai imenyesha.

Wengine husema tuongeze safari za wageni, wale wanaolipa pauni mia moja na zaidi kwa kuonja mchezo mara moja, ili fedha zao zifidie bei ya wanachama. Kwa kiasi fulani tunafanya hivyo, na wageni wachache hurudi wakawa wanachama wazuri. Ila glaida za mafunzo ni mbili na Jumamosi ni moja kwa wiki. Kila mgeni anayekalia kiti cha mbele saa tano asubuhi amemsogeza mwanafunzi hadi saa tisa, na mwanafunzi anayesubiri kwa muda wa saa nne kwa ajili ya dakika sita hachukui muda mrefu kupata kazi nyingine ya kufanya wikendi. Ningeruhusu safari za wageni siku za katikati ya wiki na jioni za majira ya joto, na asubuhi za Jumamosi ningewaachia wanaojifunza. Hilo litapunguza mapato kidogo, na nimekwisha kulijumuisha katika ada niliyoipendekeza kwa kamati, ambayo italetwa kupigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa Machi.